Chenga za Mchele na Mahindi ya Kukoboa kwa Bia ya Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Wapikaji wa Mombasa

Malalamiko yanafanana. Mtu amesikia kwamba mahindi na mchele huipa bia wepesi na kupunguza gharama. Akaenda dukani, akanunua pakiti ya unga wa sembe, akaumimina mbichi kwenye maji ya moto pamoja na kimea cha shayiri, kisha akangoja saa nzima. Alichopata ni togwa (yaani maji ya kimea kabla ya kutiwa hamira) isiyo na utamu, ukoko chini ya sufuria, na bia yenye ukungu usiotulia hata wiki tatu zikipita.

Mwingine kakata tamaa, akaagiza mahindi bapa ya pakiti, yaliyokwisha kuivishwa na kubanwa kiwandani, kutoka ng'ambo. Hayo hufanya kazi, lakini nauli yake inamaliza nafuu yote aliyokuwa akiitafuta.

Tatizo si mahindi wala mchele. Wanga wake hauvimbi wala hauachii katika joto lile linalotosha shayiri. Mahindi huanza kulainika kati ya nyuzi 62 na 74, na mchele kuanzia 68 hadi 80 na zaidi, kutegemea aina. Vimeng'enya vya kimea, vinavyogeuza wanga kuwa sukari, huanza kufa ukipita nyuzi 70. Basi nafaka ipikwe kwanza kama uji, kisha ndipo ikutane na kimea. Ukifanya hivyo, kilo ya chenga kutoka Kongowea itakupa karibu sawa na pakiti ile ya ng'ambo.

Neno moja la sheria kabla hujawasha moto. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inataka leseni kwa anayetengeneza na anayeuza. Pitia ofisi ya kaunti inayoshughulikia leseni za vileo uulize hali yako, na usiuze hata chupa moja bila kibali. Kukeneka, yaani kutoa pombe kali kwa mvuke, usikuguse kabisa. Na kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba mapema: harufu ya kimea kinachochemka haijui ukuta, na mji huu una majirani wengi wasiotaka kileo karibu nao. Wastahi.

## Vitu vya kuwa navyo

Vipimo vyote hapa ni vya lita 20 za bia.

- Kimea cha shayiri cheupe, kilo 3, kilichopondwa. Hakiuzwi sokoni, huagizwa kwa wauzaji wa vifaa vya bia.
- Chenga za mchele au mahindi ya kukoboa, kilo 1.
- Sufuria mbili: moja ya lita 30 na zaidi, nyingine ya lita 8 hadi 10 yenye kitako kizito.
- Mwiko mpana wa mbao.
- Kipimajoto. Bila hiki usianze.
- Haidromita, kifaa cha kupima wingi wa sukari kwenye togwa (maji matupu husoma 1.000).
- Mizani ya jikoni.
- Kitambaa cha neti ya pazia, mita mbili, kwa kushona mfuko wa kuchujia. Biashara Street kipo cha kila bei. Chagua cheupe kisicho na nakshi, ukichemshe kabla ya kukitumia.
- Iodini ya duka la dawa na kisahani cheupe.
- Hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) na hamira ya bia.
- Maji safi, lita 30.

Kuhusu maji: visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na chumvi hiyo haitoki kwa kuchemsha. Tumia maji ya mfereji au ya mtungi wa kununua. Yakiwa na harufu ya klorini, yachemshe usiku uliotangulia na uyaache wazi.

## Hatua ya 1: Jua kama kimea chako kinaweza kubeba mzigo

Chenga na mahindi hayana vimeng'enya vya kutosha kujigeuza sukari. Kazi yote inafanywa na kimea, kwa hiyo kimea lazima kiwe na nguvu ya ziada.

Kimea cheupe cha shayiri hubeba nafaka nyingine hadi asilimia 30 ya uzito wote bila shida. Katika mapishi haya ni kilo 1 kati ya 4, yaani asilimia 25. Anza hapo. Ukipita asilimia 40 unaingia matatani mara mbili: wanga unabaki bila kugeuka, na hamira inakosa chakula cha naitrojeni, kwa sababu mahindi na mchele huleta sukari tu. Hamira yenye njaa huchacha polepole na kutoa harufu ya yai viza.

Kimea kilichokaangwa hadi kikawa cheusi hakina vimeng'enya, usikihesabu. Kimea cha wimbi kinachouzwa kwa ajili ya busaa ni kizuri kwa busaa, ila nguvu yake ni ndogo kuliko ya shayiri. Hakiwezi kushika nafasi yake hapa.

Onyo. Kama unapika kwa dondoo la kimea la kopo, lile zito kama asali, usinunue chenga wala mahindi. Dondoo halina vimeng'enya vilivyo hai. Kwako wewe nyongeza ya bei nafuu ni sukari, na mwongozo huu unaweza kuufunga hapa.

## Hatua ya 2: Nunua chenga za mchele

Nikiulizwa nichague kimoja, nachagua chenga. Mchele mwingi unaoliwa Kenya huja kwa meli na kushuka Kilindini, kwa hiyo wauzaji wa jumla wa Mombasa hawakosi punje zilizovunjika. Mlaji wa pilau hazitaki. Bia haijui kama punje ilikuwa nzima au nusu, na wanga ni uleule.

Tafuta kwenye maduka ya nafaka ya Kongowea kwanza, kisha Marikiti na Mwembe Tayari. Ukikwama, muulize mama anayepika vitumbua anakonunua mchele wake. Huyo halipi bei ya mchele mrefu.

Omba chenga za mchele mweupe wa kawaida. Pishori ni hasara tupu, maana unalipia harufu nzuri ambayo itapaa na mvuke. Mchele wa rangi ya kahawia uache kwa sababu pumba yake ina mafuta, na mafuta huua povu la bia.

Kabla ya kulipa, tia mkono ndani ya gunia, sio juu juu. Nusa. Chenga nzuri hazina harufu, au zina harufu hafifu ya vumbi. Ukisikia harufu ya mafuta yaliyoharibika au ya gunia lililolowa, ondoka. Angalia pia fukusi na mawe. Mawe madogo yatakuharibia kinu.

Pima kwa kilo. Gorogoro lililobonyezwa kitako ni mchezo wa zamani, na chenga hujazana kwenye kopo tofauti na mchele mzima. Uliza bei ya kilo na uone mizani.

## Hatua ya 3: Au mahindi, lakini si mahindi yoyote

Punje ya mahindi ina kiini chenye mafuta. Mafuta hayo yakiingia kwenye bia, povu linakufa na baada ya wiki chache ladha inachacha. Kwa hiyo unachotafuta ni mahindi yaliyotolewa ganda na kiini.

Mahindi ya kukoboa. Wakamba huyaita muthokoi, na kwa jina hilo utayapata haraka Kongowea na kwa wauza nafaka wa mitaani. Chukua yale meupe, makavu, yaliyotoka kiini sawasawa: vunja punje kwa jino, ukiona bado ina ule moyo wa manjano laini kwenye ncha, kukoboa hakukukamilika.

Unga wa dona. Usitumie. Kiini na pumba zote zimo.

Unga wa sembe wa pakiti. Kiini kimeondolewa, hilo ni jema. Lakini ni laini mno, hugandamana chini ya sufuria na kuziba kichujio. Zaidi ya hapo, unga wa pakiti wa Kenya huongezwa madini ya chuma kwa mujibu wa sheria, na chuma huharakisha bia kuzeeka. Ukikosa kingine utafaa kwa nusu kilo, si zaidi.

Mahindi ya kulisha kuku. Hapana, hata ukipewa bure. Sababu iko hatua inayofuata.

Kuna watu hutumia bisi, kwa kuwa mahindi yakipasuka wanga wake huwa umeshaiva. Ni kweli, bora yakaangwe bila mafuta na bila chumvi. Lakini kilo moja ya bisi hujaza chumba, na kiini bado kimo. Wali uliobaki nao unafaa kama ulipikwa kwa maji matupu. Wali wa nazi ule wewe.

## Hatua ya 4: Pembua, hasa mahindi

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndipo unafuu unapoweza kugeuka ugonjwa.

Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu, yaani aflatoksini, yaliwapata watu 317 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Watu 125 walikufa. Sumu hiyo hutolewa na kuvu inayoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu, na hewa ya Pwani ina unyevu mwaka mzima.

Kuchemsha hakuiondoi. Kuchachusha pia hakuiondoi yote. Sehemu yake hupita hadi kwenye bia. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya kwenye mahindi ni sehemu 10 kwa bilioni, ambacho jicho haliwezi kukiona, kwa hiyo kupembua hakukupi uhakika kamili. Kunapunguza hatari, na kukoboa nako kunapunguza, maana kuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini.

Tandaza nafaka kwenye ungo mahali penye mwanga. Toa kila punje ya kijani, nyeusi, iliyosinyaa, iliyotobolewa na wadudu au iliyobadilika rangi. Ukijikuta unatoa zaidi ya kiganja kimoja kwa kilo, mzigo wote ni mbaya, mwaga. Usimpe kuku.

Ndio maana mahindi ya bei ya kutupa, yale ya mwisho wa gunia baada ya mvua, si nafuu.

## Hatua ya 5: Fanya hesabu ya nafuu kwa kweli

Bei ya kilo peke yake hudanganya. Chenga na mahindi ya kukoboa hutoa sukari karibu asilimia 80 ya uzito wake, na sukari ya dukani hutoa yote. Gawa bei ya kilo kwa 0.8.

Kwa namba za mfano tu: chenga zikiwa shilingi 100 kwa kilo, 100 ÷ 0.8 ni 125. Sukari ikiwa 160, inabaki 160. Kwenye hiyo 125 ongeza gesi au mkaa wa dakika arobaini. Tofauti ikibaki ndogo sana, kuna wikendi ambayo sukari inashinda, ingawa bia yake huwa nyembamba zaidi mdomoni.

## Hatua ya 6: Vunja, usisage kuwa unga

Mahindi ya kukoboa yapeleke kwenye mashine ya kusaga. Mwambie fundi aweke chekecho lenye matundu makubwa, unataka chenga kama za kulisha vifaranga. Mwombe pia aanze kwa kupitisha kiganja cha mahindi yako na kukitupa, ili vumbi la dona la mteja aliyetangulia litoke.

Chenga za mchele hazihitaji mashine. Zioshe haraka mara moja, zichuje. Zikiwa kubwa, zivunje kidogo kwenye kinu cha mkono.

Ukifaulu: punje nyingi ziko kati ya ukubwa wa ufuta na nusu ya mchele. Unga mweupe ukiwa mwingi, uchekeche na uupeleke jikoni kwa matumizi mengine.

## Hatua ya 7: Pika uji

Kwenye sufuria ndogo tia maji baridi lita 4, kilo 1 ya chenga, na gramu 300 za kimea ulizozitoa kwenye zile kilo 3. Koroga kabla ya kuwasha moto ili pasiwe na madonge.

Kimea hicho kidogo ndicho siri. Bila yake uji utashikana hadi mwiko usimame wima.

1. Washa moto mdogo. Pandisha hadi nyuzi 70 huku ukikoroga.
2. Zima, funika, ngoja dakika 15. Kimea kinaulegeza uji.
3. Washa tena, uchemke. Chenga za mchele dakika 20 hadi 30, mahindi dakika 30 hadi 40.
4. Usiache kukoroga, na mwiko upite chini kabisa. Weka birika la maji moto karibu, uongeze kidogo uji ukizidi kuwa mzito.

Mapishi yaliyoandikwa kwa Nairobi huongeza dakika, kwa sababu kule maji huchemka karibu nyuzi 95. Sisi tuko usawa wa bahari, tunachemsha kwa 100.

Onyo. Uji wa mahindi hutupa matone yanayonata kwenye ngozi. Vaa mikono mirefu. Ukoko ukishika, usiukwangue: hamishia uji kwenye sufuria nyingine na uuache ukoko ulipo. Ukiukwangua, bia nzima itanuka moshi.

Ukifaulu: bonyeza chenga moja kati ya vidole. Isiwe na moyo mgumu. Uji utiririke kwenye mwiko, usidondoke kwa donge.

## Hatua ya 8: Kutanisha uji na kimea

Uji ukibakiza dakika 15, anza kimea kilichobaki, kilo 2.7. Kwenye sufuria kubwa yenye mfuko wa neti ndani yake, tia maji lita 8 ya nyuzi 55 hadi 56, kisha kimea. Joto litatulia karibu na 52. Usikiache hapo zaidi ya dakika 20, kwani protini zinazoshika povu zinaanza kumegwa.

Sasa mimina uji wa moto kwa upawa, ukikoroga na kutazama kipimajoto. Unatafuta nyuzi 66. Ukifika kabla uji haujaisha, simama. Uji uliobaki uache upoe hadi 66 ndipo uutie. Ukimaliza uji na joto bado liko 62 au 63, ongeza maji yanayochemka kikombe kwa kikombe.

Usimimine uji wote kwa mkupuo. Sehemu itakayopigwa na nyuzi 90 itapoteza vimeng'enya vyake papo hapo, na hakuna namna ya kuvirudisha.

Funika, zungushia blanketi, ngoja saa moja. Kwa joto la Mombasa sufuria iliyofunikwa vizuri haipotezi sana.

## Hatua ya 9: Jaribu kwa iodini

Chota kijiko cha togwa isiyo na makapi, weka kwenye kisahani, ipoe. Dondoshea tone moja la iodini.

Rangi ikibaki ya kahawia au manjano, wanga umegeuka sukari, endelea. Ikigeuka buluu nzito au nyeusi, wanga bado upo: ongeza dakika 20 na ujaribu tena. Ikibaki nyeusi baada ya dakika 90, ama uji haukuiva ama kimea chako ni dhaifu. Tia gramu 300 za kimea kibichi kilichopondwa, hakikisha joto ni 66, ungoja nusu saa.

Tone ulilojaribia mwaga. Iodini hairudi sufuriani.

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoeleza ukungu wa bia za wengi.

## Hatua ya 10: Chuja na suuza

Shayiri ina maganda yanayojichuja yenyewe. Mchele na mahindi ya kukoboa hayana. Ndio sababu ya mfuko. Unyanyue polepole, uachie uchuruzike, kisha mimina juu yake lita 16 za maji ya nyuzi 76, kidogo kidogo. Usipite 78, ukakasi wa maganda utaingia kwenye bia.

Anayetumia ndoo ya koki badala ya mfuko achanganye viganja vichache vya makapi ya mpunga, yaliyooshwa hadi maji yawe meupe. Uliza wanaokoboa mpunga upande wa Kwale au Tana Delta. Kwao ni takataka.

Ukifaulu: una karibu lita 24 za togwa tamu, inayonata kidogo vidoleni.

Machicha yatoke nyumbani siku hiyohiyo. Kufikia kesho asubuhi yatakuwa yamechacha na nzi wa mtaa mzima wamepata habari. Mfuga mbuzi atayachukua kwa furaha.

## Hatua ya 11: Chemsha, poza, tia hamira

Chemsha saa moja bila mfuniko, ukitia hopsi kama mapishi yako yanavyosema. Dakika kumi za mwisho tia kijiko cha chai cha hamira ya mkate. Itakufa kwa moto na kuwa chakula cha hamira ya bia, ikifidia naitrojeni ambayo mchele haukuileta.

Hamira nyingi za bia hutaka nyuzi 18 hadi 22, na chumba cha Mombasa hakijui namba hizo. Bila friji ya kuchachushia, tumia kveik, hamira ya wakulima wa Norwe inayofanya kazi safi kwenye nyuzi 30 hadi 38. Maji ya mfereji yatapoza togwa hadi 32 bila barafu, na hapo panatosha kuitia.

Haidromita isome kati ya 1.042 na 1.045 kabla ya hamira, na ishuke hadi 1.008 au 1.010, sawa na kileo cha karibu asilimia 4.5. Haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20. Ukisoma kwa 30 ongeza 0.002 au 0.003. Usomaji wa mwisho ukibaki juu ya 1.014 siku tatu mfululizo, usitie kwenye chupa kwanza: chupa hupasuka. Sogeza ndoo mahali penye joto zaidi, itikise taratibu, upime tena baada ya siku mbili.

Chenga zilizobaki zikaushe juani, zifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa, uzilaze kwenye friza siku nne ili mayai ya fukusi yafe. Mahindi ya kukoboa usiyaweke akiba kabisa kipindi cha mvua ya masika. Nunua ya kupika wiki hiyo.